Mcheza kwao hutunzwa, je msimulia kwao?

Msomaji wangu, hebu fanya jaribio moja wiki hii. Nenda kijiwe chochote hapa Iringo, kaa kwenye benchi, halafu tangaza kwamba unatafuta pesa za kukusanya hadithi za mabibi na mababu. Utachekwa mpaka uombe njia ya kurudi kwenu. Mmoja atakuuliza hadithi zinakaangwa au zinachemshwa. Mwingine atakushauri uende Mwigobero ukanunue dagaa, maana dagaa angalau wanapimwa kwenye debe. Wa tatu, yule mjuaji ambaye hakosekani katika kila kijiwe, atasema Wazungu ndio wanaolipa mambo hayo, na wewe huna Mzungu.

Huyo mjuaji ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Kauli yake ina ukweli nusu, na ukweli nusu ni hatari kuliko uongo mzima. Ni kweli kuna fedha duniani zinazotolewa kwa ajili ya historia, lugha, mila na masimulizi ya watu wa kawaida. Wasomi wanayaita mambo ya insia. Fedha zenyewe zinaitwa ruzuku, yaani unapewa ufanye kazi, hurudishi, ila unatoa hesabu. Lakini si kweli kwamba lazima uwe na Mzungu wako mfukoni. Na si kweli kwamba sisi wa Musoma, Bunda na Butiama hatuna cha kupeleka sokoni.

Leo basi tuzungumze pesa na hadithi. Vuta kiti.

MALI ILIYOLALA

Mkoa wetu wa Mara una lugha nyingi kuliko vituo vya daladala. Hesabu nami: Kijita, Kikwaya, Kiruri, Kizanaki, Kikurya, Kiikizu, Kisizaki, Kingoreme, Kinata, Kiikoma, Kikabwa, Kisimbiti, Kijaluo, na bado sijamaliza. Kila lugha ina hadithi zake za sungura na fisi, za mvua na ukame, za nani alitoka wapi akavuka mto gani. Nyingi haziko kwenye kitabu chochote. Ziko kichwani mwa mtu mwenye miaka themanini ambaye kikohozi kimemwanza tangu masika.

Na usidhani hiki ni kitu cha washamba. Mtoto mmoja wa Kizanaki, mwana wa Chifu Burito, alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922 akakua na lugha ya mama yake tu. Mwaka 1934 alianza shule pale Mwisenge, hapa hapa Musoma, na Kiswahili alikikuta huko shuleni. Mtoto huyo ndiye baadaye aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, tukapata Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Alifanya kazi hiyo huku akiwa na nchi nzima mabegani. Unamjua, sina haja ya kumtaja. Aliyeanza na hadithi za jikoni kwa mama yake aliishia kutupa fasihi ya dunia kwa lugha yetu.

Leo ukienda Butiama utakuta Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule alioaga dunia. Wageni wanakuja, wanapiga picha, wanaondoka. Lakini nje ya geti la makumbusho kuna wazee waliomfahamu, walioimba naye, waliocheza naye bao. Hao hawana geti wala tiketi. Wakiondoka, wameondoka.

Mimi na wenzangu watano wa hapa mtaani, wasichana watatu na wavulana watatu kwa jumla, tumekuwa tukienda kuwarekodi wazee kwa simu kila Jumapili tunapopata nafasi. Hatuna jina la maana, hatuna ofisi. Tuna simu mbili zinazoshika chaji, daftari nne na usugu. Mzee mmoja wa upande wa Butiama alitusimulia kwa saa nzima jinsi watu wa kijiji chake walivyohama wakati wa njaa, akafika mahali pazuri kabisa, akasema, "Wajukuu, nimechoka, mrudi." Tukamwambia tutarudi tukipata nauli. Tukiwa bado tunazunguka na makaratasi ya kutafuta msaada, ujumbe ukaja kwamba mzee amezikwa. Kwenye simu yangu nina nusu ya kwanza. Nusu ya pili iko kaburini.

Sasa niambie, msomaji, hiyo nusu ya pili ilikuwa na thamani ya shilingi ngapi? Ilikuwa nauli ya watu wawili na kilo moja ya sukari.

WALIOTANGULIA

Tusijifanye sisi ndio wa kwanza kulia. Kuna wazee wa Mara Kusini, upande wa Bunda na Serengeti, ambao kwa akili zao wenyewe walianza kuandika historia za watu wao kwenye madaftari. Waliona vijana hawakai tena kuota moto na kusikiliza, wakasema afadhali tuandike. Hawakusubiri mfadhili. Kalamu yao, karatasi yao.

Katika miaka ya 1995 na 1996 mwanahistoria kutoka Marekani, Jan Bender Shetler, alikuwa akizunguka maeneo hayo kwa ajili ya utafiti wake. Alikaa na wazee, akasikiliza, akakutana na maandishi yao. Mwaka 2003 yakatoka kwenye kitabu, Telling Our Own Stories, kilichochapishwa na Brill wa Uholanzi. Mwaka 2007 akatoa kingine, Imagining Serengeti, kinachoonyesha kwamba ile Serengeti ambayo watalii wanaiona kama pori tupu la wanyama ni nyumbani kwa watu, na kila kilima kina jina na kisa. Mwaka 2019 akaongeza cha tatu, kinachotazama jinsi wanawake na wanaume wa Mara wanavyokumbuka mambo kwa njia tofauti.

Sio siri, ni kazi kubwa. Lakini ona kinachotokea. Maneno yametoka kinywani mwa mzee wa Ikizu, yamekwenda Uholanzi, yamevaa jalada gumu, na yakitaka kurudi Bunda yanakuja na bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuigusa. Simlaumu aliyeandika. Angekaa kwao, hata hayo tusingekuwa nayo. Ninachosema ni kwamba aliyekuwa na pesa za kumaliza kazi alitoka mbali, na kwa hiyo kazi yenyewe ilimalizikia mbali.

Mfano wa pili uko hapa hapa mjini. Shirika la lugha la SIL limekuwa na mradi Musoma wa kuzipatia lugha za Mara maandishi. Wataalamu na wenyeji wamekaa pamoja kuamua Kijita kiandikwe vipi, Kikabwa kiandikwe vipi, na kutokana na kazi hiyo vikatoka vitabu vya alfabeti na vitabu vidogo vya hadithi. Lengo lao kuu ni kutafsiri Biblia, nao hawalifichi. Mfadhili yeyote ana lengo lake. Jambo la busara ni kulijua mapema, kisha ukapima kama safari yako na yake zinakwenda upande mmoja walau mpaka njia panda.

Wa tatu ni wa Kitaifa. Pale COSTECH Dar es Salaam lilianzishwa Kavazi la Mwalimu Nyerere, chini ya Profesa Issa Shivji, kukusanya nyaraka na kurekodi mahojiano na watu waliofanya kazi na Mwalimu. Kazi ya utafiti ikazaa wasifu wa juzuu tatu, Development as Rebellion, ulioandikwa na Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, ukatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2020. Hapo waandishi ni wetu, mchapishaji ni wetu. Kumbe inawezekana, ilimradi kuna mtu wa kulipia miaka ya kukaa chini na kusikiliza.

MFUKO WA NYUMBANI

Sasa tuje kwenye pochi ya Serikali. Mwaka 1997 nchi ilipata Sera ya Utamaduni. Mwaka uliofuata, 1998, ukaanzishwa Mfuko wa Utamaduni Tanzania kwa ushirikiano na Sweden. Mfuko huo ulitoa ruzuku kwa vikundi vya ngoma, kwa vitabu, kwa mambo ya kale. Ulikuwa ni mlango ambao kikundi cha mkoani kingeweza kuugonga. Msaada wa wenzetu ulipopungua, na mlango ukaanza kubana.

Mfuko umefufuka miaka hii ya karibuni kwa jina la Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, na tangu mwishoni mwa 2022 umekuwa ukiwapatia wasanii mikopo kupitia benki. Hilo ni jema. Mwenye studio ananunua vifaa, mwenye bendi ananunua spika, anapiga shoo, anarudisha. Lakini soma tena neno hilo polepole: mikopo.

Vile vile kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Sheria inasema asilimia 4 iende kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 ili kuweka utaratibu mpya, ukarudi mwaka 2024. Vijana wa bodaboda wanaijua fedha hiyo, akina mama wa kufuga kuku wanaijua. Sisi nasi tulikwenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, tukaeleza habari ya wazee na hadithi. Afisa akatusikiliza vizuri tu, mtu mstaarabu, kisha akauliza swali moja: "Mtarejesha vipi?"

Tukatazamana. Mmoja wetu akajaribu kusema tutauza hadithi. Afisa akauliza kwa kilo au kwa lita? Tukacheka wote, yeye akiwa wa kwanza, na hapo kikao kikaisha.

Usimcheke afisa. Yeye anasimamia mkopo, na mkopo lazima urudi ili kikundi kingine kipate. Kosa haliko kwake. Tatizo ni kwamba kazi ya kuokoa hadithi haifugwi kama kuku. Bibi akisimulia leo, faida yake inaonekana miaka ishirini baadaye, pale mtoto wa mtoto wako atakapotaka kujua jina la babu yake lilitoka wapi. Benki haisubiri miaka ishirini. Ndiyo maana duniani kote kazi za namna hii hulipiwa kwa ruzuku, kwa zawadi au kwa kodi. Ukiwa na mikopo tu, utapata muziki wa kuuzika na utazika wazee kimya kimya.

Kuna na tuzo, tena nzuri. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilizinduliwa 2022 na washindi wa kwanza wakatangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza alipata shilingi milioni 10 na kitabu chake kuchapishwa. Ipo pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, yenye jumla ya dola 15,000. Kijana wa Nyasho mwenye riwaya kabatini aitoe haraka sana. Ila tuzo humlipa aliyekwisha kumaliza. Haimpi nauli yule anayetaka kuanza.

ANDIKO BILA PRESHA

Haya, umeshaamua. Una wenzako, mna wazee, mnataka kuomba ruzuku. Mimi nimeishia kidato cha nne na andiko la kwanza kulisoma nilidhani ni karatasi ya hospitali. Nimezungusha miguu, nimeuliza waliowahi kupata, na haya ndiyo niliyoyaokota.

Kwanza, kuwa na sura. Mfadhili hampi pesa mtu na rafiki zake. Anaipa katiba, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na akaunti ya benki yenye sahihi zaidi ya moja. Kikundi kidogo husajiliwa halmashauri kwa ofisa maendeleo ya jamii. Mkiwa mnafanya sanaa, kama ngoma, maigizo au masimulizi ya jukwaani, mtawahitaji BASATA pia. Ukishindwa kupata sura mwenyewe, jibanze kwa mwenye nayo. Shule, maktaba, kanisa, msikiti au redio jamii inaweza kuomba na ninyi mkafanya kazi.

Pili, punguza ukubwa. Usiandike kwamba utaokoa utamaduni wa Afrika. Andika kwamba utawarekodi wazee kumi na wawili wa Kikwaya katika kata mbili kwa miezi sita, utatoa vipindi kumi na viwili vya redio na kijitabu kimoja cha kurasa arobaini, na nakala zitakwenda kwenye shule za kata hizo. Mtu anayesoma maandiko mia mbili kwa wiki anataka kuona kitu anachoweza kukihesabu.

Tatu, jibu swali la kwa nini sasa. Hapa wengi hupiga siasa. Sema ukweli tu. Mzee ana miaka tisini.

Nne, bajeti iwe ya kweli. Nauli, bando, betri, chakula cha siku, malipo ya mwandishi wa kunukuu rekodi, maana saa moja ya kurekodi inakula siku nzima na zaidi ya kuandika. Na usisahau kumwekea msimulizi chake. Nimeona maandiko ambayo yana posho ya mratibu, posho ya dereva, posho ya mtu wa chai, lakini mwenye hadithi amewekewa "shukrani". Mkono mtupu haulambwi, bwana.

Tano, risiti. Hapa ndipo vikundi vingi huzama. Mali bila daftari hupotea bila habari. Bibi wa kijijini hana mashine ya risiti, lakini unaweza kumwandalia hati ya malipo yenye jina, tarehe, kiasi na dole gumba lake, na shahidi wa serikali ya mtaa akatia sahihi. Muulize mfadhili kabla kama ataikubali, usimshtukize wakati wa ripoti.

Sita, jua wa kumwandikia. UNESCO ina mfuko wa kimataifa wa uanuwai wa utamaduni ambao unaweza kufika dola 100,000 kwa mradi, lakini huo ni wa wakubwa wenye uzoefu. Upo mpango wa kurekodi lugha zilizo hatarini kutoweka, ulioanza London mwaka 2002 na sasa uko Berlin, unaotoa ruzuku kwa watafiti, na mtafiti wa chuo chetu anaweza kuomba akishirikiana na ninyi. Maktaba ya Taifa ya Uingereza nayo ina mpango tangu 2004 wa kupiga picha nyaraka za zamani zilizo katika hatari ya kuharibika, kama zile za misheni na za familia. Balozi nyingi Dar es Salaam zina vijifuko vidogo vya utamaduni. Ubalozi wa Marekani, kwa mfano, uliwahi kusaidia ukarabati wa magofu ya Kilwa.

MABWANA FOMU

Penye asali hapakosi nzi. Kuna mabwana fulani, na mabibi pia, wenye mikoba ya plastiki na lugha laini. Anakwambia kuna ruzuku ya milioni kadhaa kutoka Ulaya, jina lako tayari limepita, imebaki ada ya fomu tu. Ukitoa ada, kuna ada ya kufungua akaunti. Ukitoa hiyo, kuna "kumtoa bosi". Mwisho wa yote simu haipatikani, na wewe umebaki na karatasi yenye muhuri wa duara ambao hata mtoto angeuchonga kwenye kiazi.

Sheria ya kidole gumba ni hii: anayekupa ruzuku hakutozi ili akupe. Anayekutoza, unampa ruzuku wewe.

Kuna na aina ya pili, msomi. Huyu anakuandikia andiko kwa makubaliano kwamba pesa ikitoka atachukua fungu lake. Kulipa mtu akusaidie kuandika si dhambi, lakini mlipe kwa kazi, mapema, kwa kiasi mnachokijua. Ukimwahidi asilimia, atapandisha bajeti mpaka mfadhili akimbie, au ipite halafu ninyi mbaki mnafanya kazi ya milioni kumi kwa milioni nne. Na hiyo ripoti ya mwisho haitamuuliza yeye.

MTEGEMEA CHA NDUGU

Kuna somo la juzi juzi ambalo kila kikundi kinapaswa kulibandika ukutani. Wamarekani wana mfuko wao wa Serikali, National Endowment for the Humanities, ulioanzishwa mwaka 1965. Kwa miaka sitini mfuko huo umelipia makumbusho, maktaba, filamu za historia, na kupitia mabaraza ya kila jimbo umelipia hata vimikutano vya vijijini ambapo wazee husimulia na vijana hurekodi. Yaani kama hiki tunachokitaka hapa.

Aprili 2025 utawala wa Rais Trump ukafuta ruzuku nyingi za mfuko huo kwa mpigo mmoja. Mabaraza ya majimbo yakapokea barua kwamba pesa zilizokwisha kuahidiwa haziji. Watu wakasimamisha miradi katikati. Mwezi huo huo shirika binafsi la Mellon likatoa dola milioni 15 kuyanusuru mabaraza hayo, lakini kiraka hakiwi nguo mpya. Na sote tunakumbuka mwanzoni mwa mwaka huo misaada ya USAID ilivyokatwa, na hapa Afrika Mashariki miradi mingi, hata isiyohusiana na hadithi, ikafunga milango.

Kama nchi tajiri kuliko zote inaweza kuwaacha wasimuliaji wake barabarani asubuhi moja, sisi wa Iringo tutakuwa wageni wa nani? Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Simaanishi tusiombe. Tuombe, tena kwa sauti. Lakini mradi ujengwe kwa namna kwamba ruzuku ikiondoka, kitu kinabaki: rekodi ziko kwenye maktaba ya shule, vijana watatu wanajua kunukuu, mwalimu mmoja anazitumia darasani.

HADITHI NI YA NANI?

Nimeacha swali gumu mwisho. Tulimwendea bibi mmoja wa Kikwaya anayeishi karibu na ziwa. Tukamwamkia, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, tukakabidhi sukari na majani, tukaeleza shida yetu. Tukamwambia tunatafuta wafadhili, na mambo yakienda vizuri hadithi zake zitafika mbali.

Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Zikifika huko mbali, mimi nitaziomba kwa nani nikitaka kuwasimulia wajukuu?"

Msomaji, tulikosa jibu. Mwenzetu mmoja alianza kueleza habari za simu na kopi, bibi akamkatiza. Hakuwa anauliza habari za simu. Alikuwa akiuliza kama mtu anaweza kuja na pesa akaondoka na kitu, kisha kitu hicho kikawa chake.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi, yaani hadithi, nyimbo na ngoma zisizo na mtunzi mmoja, na haimruhusu mtu azigeuze biashara anavyotaka. Lakini sheria iko Dar es Salaam, bibi yuko kando ya ziwa. Kinachomlinda bibi ni makubaliano mnayoandikiana naye kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi. Sisi sasa tuna karatasi moja tu, kwa Kiswahili chepesi, na tunamsomea msimulizi kwa lugha yake. Inasema mambo manne. Jina lake litatajwa, ila akikataa. Kopi ya kwanza ni ya familia yake. Hadithi ambazo si za kusikilizwa na kila mtu, kama zile za jando na za matambiko, hazitoki nje ya nyumba yake. Na pesa ikipatikana, ana fungu, na fungu hilo limeandikwa kwa tarakimu.

Bibi aliisikiliza hadi mwisho. Akaomba tuisome tena kile kipengele cha kopi ya kwanza. Tukakisoma. Akasema tuje Jumapili, na tuje na mjukuu wake anayesoma Bunda, maana yeye ndiye atakayetunza hiyo kopi.

Hiyo Jumapili hatukuwa na ruzuku. Kila mmoja wetu alichangia, aliyeshindwa pesa alileta michembe. Ndipo nikaelewa kwamba kazi hii ina bei mbili. Ya kwanza ni ya kuanza, na hiyo inaweza kutoka kwenye mifuko yetu sita. Ya pili ni ya kumaliza: kunukuu, kuhariri, kuchapa, kurudisha shuleni. Hiyo ndiyo inayohitaji halmashauri, Mfuko wa Utamaduni, wabunge wetu, wafanyabiashara wa samaki, na watoto wa Mara walioko Dar na ng'ambo ambao kila Desemba wanakuja na magari ya kuazima kututambia. Asilimia 10 ya halmashauri ni mkopo, sawa. Basi na itengwe senti kidogo pembeni isiyokuwa mkopo, hata ya kuwalipa wazee ishirini kwa mwaka. Diwani mwenye shaka aje nimpe kusikiliza ile nusu ya hadithi iliyoko kwenye simu yangu, halafu aniambie inaendeleaje.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema waliotutangulia. Msimulia kwao naye ale jasho lake angali hai. Hotuba za msibani hazimlipi mtu.

Wiki ijayo tutahamia kwenye mambo ya mahari na vijana wasio na ng'ombe, usikose nakala yako. Mpaka hapo, kama una bibi, mpigie simu jioni hii. Muulize jina lake lilitoka wapi, na usisahau kubonyeza rekodi baada ya kumwomba ruhusa.